SOMO: Kuchagua kinga inayofaa familia



Familia iliyokimbia vita imeacha shamba, mifugo na nyumba. Inapopata tena pesa kidogo, kwa kibarua, kwa mavuno au kwa zamu yake ya likelemba, mara nyingi hununua kinga, yaani baiskeli. Kinga hubeba maji, mihogo na makala, na humfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya. Lakini tumeona familia iliyonunua kinga kubwa yenye kung'aa, ambayo mama na kijana wake hawakuweza kuipanda. Baba alipougua, kinga ilibaki ukutani, na mihogo ikabebwa kichwani. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

1. Tuanze na kazi na njia

Kabla ya kwenda sokoni, familia ikae pamoja na kujiuliza: Nani atapanda? Atabeba nini? Njia ikoje? Uwanda wa Ruzizi ni tambarare, na mtu hupanda mwendo mrefu. Milima ya Masisi ni mikali, na kinga yenye mzigo husukumwa zaidi kuliko kupandwa. Goma kuna mawe ya volkano yanayokata mipira. Huko wengi hubeba mizigo kwa chukudu ya mbao.

Tukumbuke pia uzito. Bidoni moja ya lita 20 za maji ina kilo 20. Bidoni tatu ni kilo 60, sawa na mtu mzima.

2. Aina tatu

Kinga nzito ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28. Ni ya kazi. Haina gia, breki zake mara nyingi ni za vyuma, na fundi wa kijijini anaijua. Yenye vyuma viwili vya juu hustahimili mzigo zaidi.

Kinga ya mlima yenye magurudumu ya inchi 26, ambayo wengi huiita VTT. Mipira yake ni minene na gia husaidia kupanda kilima. Lakini gia na waya zake huharibika, na vipuri havipatikani kila mahali. Zile za bei ndogo sana hazivumilii mzigo.

Kinga isiyo na chuma cha juu. Mama aliyevaa kitenge huipanda bila shida, na mzee pia. Ila kwa mizigo mizito sana, yenye chuma cha juu ni imara zaidi.

Kabla ya kulipa, tumuulize fundi wa karibu na nyumbani: «Vipuri vya hii utavipata?» Akikataa, tutafute nyingine.

3. Kipimo cha mwili

Simama juu ya chuma cha katikati, miguu yote miwili chini. Kati ya chuma na mwili kuwe na nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Kwa njia mbovu, nafasi kubwa zaidi. Kisha kaa kitini huku mwenzako ameishika kinga. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Ukiweka sehemu ya mbele ya mguu, goti litakunjika kidogo.

Ikiwa watu wengi wataitumia, tuchague kipimo cha yule mfupi anayepanda kila siku. Kiti huinuliwa, lakini chuma cha juu hakishushwi. Tusimnunulie mtoto kinga kubwa tukisema «atakua». Asipofika chini, ataanguka.

4. Kinga iliyotumika

Inua gurudumu na ulizungushe: likiyumba, lina shida. Tazama maungio ya vyuma, hasa karibu na usukani. Ufa uliopakwa rangi ni hatari. Tikisa mikono ya pedali. Jaribu breki zote mbili. Hesabu pia pesa ya matengenezo.

5. Kinga isilete ugomvi

Kinga ya bei ya chini ajabu huenda imeibwa. Mwenyewe akiitambua, lawama haitamwangukia mnunuzi peke yake: watu watasema «waliohama ni wezi», na amani na wenyeji waliotupokea itavunjika. Kwa hiyo tununue mchana, mbele ya shahidi. Tuandike karatasi yenye majina ya muuzaji na mnunuzi, bei, tarehe na namba iliyogongwa kwenye chuma cha kinga, kama ipo. Mkubwa wa mtaa au kiongozi wa kambi aweke sahihi. Viongozi, kazi hii msiifanye biashara.

Nyumbani pia tupatane mapema: siku gani ni ya soko, siku gani ni ya mama, na nani atalipa fundi. Jirani akiwa na mgonjwa, mzigo ungoje. Kinga iliyomfikisha mtoto wa mwenyeji kwa daktari itasahaulika kwa shida.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika familia yetu, nani anabeba mzigo mkubwa zaidi? Je, kinga tunayotaka itamsaidia yeye?
2. Hapa kwetu, karatasi ya mauzo inaandikwa mbele ya nani?
3. Waliohama na wenyeji wanaweza kununua kinga moja ya wagonjwa pamoja? Nani ataitunza?