Ukipotea Porini Kitahana: Namna ya Kuita Msaada Hadi Usikike

Porini Kitahana, wilayani Kibondo, hapotei mgeni peke yake. Mrina asali anayefuata mizinga ya mbali anaweza kupotea, na mama aliyeinamia uyoga wa mvua za kwanza vilevile. Miombo inafanana kila upande, na jua likijificha hujui mji wa Kasulu uko upande gani.

Hatua ya kwanza ni ya nyumbani. Mwambie mtu mmoja unaingilia wapi, utarudi lini, na ikifika saa ngapi amfuate mwenyekiti wa kitongoji. Kubalianeni pia ishara na jibu lake, na saa za kuwasha simu. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona nzito kuliko zote. Filimbi ambayo hakuna anayejua maana yake itadhaniwa ni ya watoto wanaochunga mbuzi.

Hatua ya pili, ivae filimbi shingoni. Sauti ya mtu hukauka upesi. Filimbi ya plastiki kama ya refa haichoki. Piga mara tatu, nyamaza dakika moja usikilize, kisha rudia. Kwenye milima ya Alps, Ulaya, aliyekwama hupiga sita kwa dakika na anayejibu hupiga tatu. Kwingine tatu ndiyo mwito wenyewe. Kwa hiyo msipokubaliana mapema mtachanganyana. Napendekeza tatu kwa aliyepotea, na mlio mmoja mrefu kwa anayemtafuta. Ukijibiwa usihame, wala usiache kupiga: wanafuata sauti, na wewe ukiifuata ya kwao mnaweza kupishana bondeni.

Hatua ya tatu ni mwanga na moshi. Vitabu hufundisha mioto mitatu ya pembetatu. Sawa, lakini kiangazi nyasi zinachomwa huku na huko, na moshi wako hautatofautiana na wa mchoma mkaa, mbali ya kwamba moto unaweza kukugeukia. Moto uwashe msimu wa mvua tu, mahali ulipofyeka, na mchana utupie majani mabichi ili moshi uwe mzito. Usiku tumia tochi ya simu yako ya kitochi: mimweko mitatu, pumzika, mitatu tena. Ile SOS iliyokubaliwa Berlin mwaka 1906 (mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu) ni nzuri kwa anayeijua.

Gobore usipige. Ukielekea mashariki kuna Pori la Akiba Moyowosi, na mlio wa bunduki huko utaleta askari wa wanyamapori wanaotafuta jangili. Hao hawakuletei maji ya kunywa.

Hatua ya nne, simu. Panda mgongo wa kilima kwanza. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114, na huhitaji salio. Ukipiga 112, simu hujaribu mtandao wowote uliopo hapo, hata kama laini yako haishiki. Sauti ikigoma, tuma ujumbe mfupi kwa yule uliyemuaga nyumbani, kisha zima simu na uiwashe kwa saa mlizopanga. Anza na mkoa, wilaya, kata na kijiji, kwa sababu anayepokea anaweza kuwa mbali. “Karibu na mwembe wa mzee” hautamfikisha.

Dharura ikiwa si ya kupotea bali ya mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, namba ni 115, ya mfumo wa m-mama. Wanatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii likikosekana, na nauli hailipwi na familia. Damu ikitoka au degedege ikianza, piga kabla ya kuanza kubishana kuhusu bodaboda.

Na kama msaada unauitia kijijini kwa yowe, taja jambo palepale: “Moto!” au “Mtu kapotea!” Yowe tupu huleta watu na fimbo wakidhani kuna mwizi, na anayekutana nao wa kwanza huenda ni mpita njia asiye na kosa.

Hatua ya mwisho husahaulika kwa furaha. Aliyepotea akipatikana, mjulisheni mwenyekiti, waiteni waliobaki porini, na pigeni tena namba ile mliyoombea msaada ili wasiendelee kumtafuta mtu ambaye yuko nyumbani anakula ugali.