Ekseli ya Mbele ya Gari la Njia Mbovu: Muundo Wake na Jinsi ya Kuiimarisha

Wakati wa masika, dereva wa gari la wagonjwa huko vijijini huitegemea sana ekseli ya mbele. Magurudumu ya nyuma yanapozunguka bure katika tope, yale ya mbele ndiyo yanayolivuta gari lipande ng'ambo ya kijito. Ekseli hiyo ikivunjika, mgonjwa aliyemo hubaki njiani. Kwa hiyo fundi anayetaka kuiunda au kuiimarisha hana budi aielewe kwanza. Katika makala haya tutachunguza kanuni chache za fizikia zinazoitawala, ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzikokotoa mwenyewe.

Kazi tatu za ekseli moja

Ekseli ya nyuma hubeba uzito na kulisukuma gari. Ekseli ya mbele hufanya kazi hizo mbili, na juu yake huyaruhusu magurudumu kugeuka kulia na kushoto. Tutazungumzia ekseli ngumu, yaani ile ambayo bomba moja la chuma huunganisha magurudumu mawili. Land Rover za kwanza za mwaka 1948 zilikuwa nayo, na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zilikuja na ekseli ya namna hiyo hiyo.

Propela huleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi na kuuzungusha mpinioni, ambao ni gia ndogo. Mpinioni huzungusha gia kubwa iitwayo kraunwili. Hapo difu huugawa mzunguko kwa shafti mbili, moja kwa kila gurudumu. Kwenye kila ncha ya bomba pana kifundo kinachogeuka juu ya kingipini, na juu yake habu huzunguka kwa beringi.

Shida ya kuzunguka huku umepinda

Shafti ya mbele yapasa kuzunguka hata gurudumu linapokuwa limegeuzwa. Njia ya zamani ni jointi ya msalaba, ambayo Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza katika karne ya 17. Jointi hiyo ina kasoro moja. Shafti ya kwanza ikienda kwa mwendo usiobadilika, ya pili huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 30, mwendo wa shafti ya pili hubadilika kati ya 0.866 na 1.155 ya mwendo wa shafti ya kwanza. Dereva huhisi mtikisiko huo katika usukani.

Katika miaka ya 1920, mhandisi Alfred Rzeppa alibuni jointi yenye tufe za chuma zinazokaa ndani ya mifereji. Tufe hizo hubaki daima katika bapa linaloigawa pembe ya shafti mbili nusu kwa nusu. Kwa sababu hiyo shafti zote mbili huenda kwa mwendo ulio sawa.

Msokoto unaofika magurudumuni

Tuseme injini hutoa msokoto wa nyutoni-mita 200, gia ya kwanza ina uwiano wa 4, gia ya mlimani 2, na difu 4.111 (meno 37 kwa meno 9). Tukipuuza msuguano, jumla ni 200 × 4 × 2 × 4.111, yaani karibu nyutoni-mita 6,578. Ekseli mbili zikigawana sawasawa, ya mbele hupata 3,289, na kila shafti hupata nusu ya hiyo, yaani takriban 1,644.

Sasa fikiri kwamba fundi ameweka kifaa cha kufunga difu. Gurudumu moja likining'inia hewani, lile lililobaki ardhini laweza kupokea msokoto wote wa ekseli. Shafti iliyozoea 1,644 sasa hupata hadi 3,289. Hii ndiyo sababu shafti nyingi huvunjika baada ya gari "kuboreshwa".

Unene wa shafti

Nguvu ya shafti nzima ya duara kustahimili msokoto hutegemea kipenyo chake kikipandishwa kipeo cha tatu. Tukiacha shafti ya milimita 30 na kuweka ya milimita 33 ya chuma kile kile, uwiano ni 1.1 × 1.1 × 1.1 = 1.331. Nyongeza ya unene ya asilimia 10 imeleta nguvu zaidi kwa asilimia 33. Lakini jointi isipoimarishwa pia, sasa itavunjika yenyewe. Na jointi ikiimarishwa, huenda meno ya kraunwili yakakatika. Fundi mwangalifu huamua mapema ni kifaa gani kitangulie kuvunjika, naye huchagua kile kilicho rahisi kubadilishwa porini.

Matairi na mwinamo wa kingipini

Matairi ya kipenyo cha sentimita 75 yakibadilishwa kwa yale ya 84, nguvu ya kuvuta ardhini hupungua kwa uwiano wa 75 kwa 84. Ili kuirudisha, uwiano wa difu uwe 4.111 × 84 ÷ 75, yaani 4.604. Gia za meno 41 kwa 9, zenye uwiano wa 4.556, zinakaribia sana. Lazima difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja. Zikitofautiana, ekseli mbili zitashindana na gia zitaharibika.

Kingipini nayo huinamishwa kidogo, ncha ya juu ikielekea nyuma, ili usukani urudi wenyewe katikati. Springi zikiinuliwa ovyo au bomba likichomelewa bila kushikiliwa vema, mwinamo huo waweza kupotea, na gari huyumba likienda kasi. Baada ya kuchomelea, bomba lipimwe unyoofu, kwa maana chuma kilichopata joto hujikunja kinapopoa.

Zoezi

1. Shafti ya milimita 28 imebadilishwa kwa ya milimita 35 ya chuma hicho hicho. Nguvu yake imeongezeka mara ngapi?
2. Jointi ya msalaba imepinda nyuzi 20. Tafuta mwendo mdogo na mkubwa wa shafti ya pili, ukitumia kosaini ya pembe na kinyume chake.

Majibu: (1) takriban mara 1.95, (2) 0.940 na 1.064 ya mwendo wa shafti ya kwanza.