SOMO LETU: Unga Mweupe wa Zinki na Afya ya Mafundi



Somo la mara hii lahusu oksidi ya zinki, yaani unga mweupe unaopatikana zinki inapoungana na oksijeni. Unga huu umo katika marhamu ya vipele vya watoto na katika mafuta ya kukinga jua. Juu ya ngozi isiyo na jeraha hauna madhara makubwa. Lakini kilicho salama ngozini si lazima kiwe salama mapafuni.

Ukubwa wa chembe
Chembe zenye upana wa nanomita 1 hadi 100 huitwa chembe nano. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Vumbi nene hunaswa puani na kooni, bali chembe hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko huyeyuka na kutoa zinki, nayo ikizidi kiasi huudhuru mwili. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, mwaka 2016, uliziruhusu katika mafuta ya jua hadi asilimia 25, lakini ukazikataza katika vipulizio viwezavyo kuzifikisha mapafuni.

Hatari iliyo karakanani
Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Sentigredi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kwa hiyo fundi anapochomelea bomba au bati lililopakwa zinki, zinki hugeuka mvuke, kisha moshi mweupe wenye chembe hizo nano. Saa 4 hadi 10 baadaye aweza kushikwa na kiu, ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, homa na kutetemeka. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Hufanana na malaria. Basi apimwe, naye amweleze mganga kazi aliyoifanya. Kifua kikibana, apelekwe hospitali mara moja. Kunywa maziwa si kinga.

Wajibu wa Halmashauri
1. Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, upepo ukipita ubavuni mwa fundi.
2. Zinki iondolewe kwanza, angalau sentimita 5 kila upande wa kiungo, fundi akiwa amejikinga na vumbi lake.
3. Kinunuliwe kifaa cha kukinga pumzi chenye kichujio cha moshi wa madini. Kitambaa hakitoshi.

Katika daftari za mali nilizokagua, mara nyingi nimekuta mashine ya kuchomelea imeandikwa, lakini kinga ya pumzi ya fundi haimo. Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine, mapafu hayanunuliwi. Gharama hiyo na iingizwe katika makisio ya mwaka.

Maswali ya kujadili
(a) Kwa nini unga ulio salama ngozini hudhuru mapafu?
(b) Karakana ya chama chetu ina kinga gani leo?