KISU CHA KUKUNJA KIFUNGUKE KWA MKONO MMOJA

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya kisu cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni. Wengi wetu hapa Masumbwe tunacho. Mkulima anakatia kamba za magunia. Mchungaji anakatia kamba ya ndama. Mchimbaji anakatia mipira ya maji. Ni kisu kidogo na kinatembea na mtu popote.

Lakini kina shida moja. Kukifungua kunataka mikono miwili. Mmoja unashika mpini, mwingine unavuta chuma kwa ukucha. Sasa je, mkono mmoja ukiwa na kazi nyingine?

Tuseme unalima kwa maksai. Mmoja amejifunga kamba shingoni na anajitupa. Mkono wako mmoja umeshika kamba ya mwenzake. Ukiiachia, wote wawili watakimbia na plau. Kisu unacho mfukoni, lakini hakifunguki! Wengine hukivuta kwa meno. Jino linavunjika, mdomo unakatika, na kamba bado iko palepale. Tena wako ndugu zetu waliopoteza mkono mmoja kazini. Kwao kisu cha namna hii ni kama hakipo.

Basi tuone jinsi ya kukirekebisha.

TUJUE KWANZA SEHEMU ZA KISU

Kisu cha kukunja kina mpini na ubapa. Ubapa ni kile chuma chote kinachoingia na kutoka. Upande mmoja wa ubapa una makali. Upande wa pili ni mgongo, nao haukati. Ubapa unazunguka kwenye ribiti. Ndani ya mpini mna springi. Springi ndiyo inayoshika ubapa usifunguke wenyewe mfukoni. Visu vingine vina pia kizuizi cha kushika ubapa ukishafunguka, ili usirudi juu ya vidole.

Visu hivi si vipya Afrika. Kisu cha Okapi, kwa mfano, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani. Na wazo la kufungua kwa mkono mmoja nalo limefanyiwa kazi na wengi. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Marekani ilitoa kisu chenye tundu la mviringo kwenye ubapa. Dole gumba linashika kwenye tundu na kuusukuma ubapa. Hilo ndilo jambo la kukumbuka: dole gumba linataka mahali pa kushika.

KAZI YA KWANZA: KUSAFISHA

Mara nyingi kisu kigumu ni kisu kichafu tu. Vumbi, utomvu na kutu vimejaa kwenye ribiti. Kwa hiyo anza hapa, maana haigharimu kitu.

Fungua kisu. Funga makali kwa kitambaa kinene na uzi. Osha ribiti kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Kausha juani. Kisha dondosha mafuta ya taa kidogo kwenye ribiti, ondoa kitambaa, ukifungue na kukifunga mara 20 polepole. Futa uchafu mweusi unaotoka. Mwisho weka tone moja la oili ya cherehani.

Usitumie mafuta ya kupikia. Yakikaa yanaganda kama gundi, na kisu kinakuwa kigumu kuliko mwanzo.

Sasa jaribu. Kama dole gumba linaweza kuusukuma ubapa, umemaliza. Kama bado, endelea na kazi ya pili.

KAZI YA PILI: KUWEKA KITUFE

Kitufe ni kipande kidogo cha chuma au shaba kinachobandikwa kwenye ubapa ili dole gumba likisukume. Kichwa cha skrubu ndogo kilichokatwa kinafaa. Kilainishe kwa tupa kisichome kidole.

Fuata hatua hizi:

1. Funga kisu. Tazama sehemu ya ubapa inayoonekana nje ya mpini. Weka alama ya penseli hapo, karibu na mgongo, kama sentimita 2 kutoka kwenye ribiti. Alama iwe upande wa dole gumba lako.

2. Fungua kisu. Hakikisha kitufe hakitagonga mpini, kisu kikiwa wazi wala kikiwa kimefungwa.

3. Funga makali kwa kitambaa tena. Sugua penye alama kwa msasa mpaka paparuze. Futa kwa spiriti. Gundi haishiki penye mafuta.

4. Bandika kitufe kwa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Angalia isiingie kwenye ribiti. Acha ikauke siku nzima, usiku na mchana.

Gundi inaweza kuachia. Kwa hiyo kivute kitufe kila wiki uone kama bado kimeshika.

Fundi anaweza kukuambia, "Tutoboe ubapa, tufunge skrubu." Ni kweli, skrubu inashika zaidi. Lakini ubapa wa kisu ni mgumu, na keekee ya kawaida haiutoboi vizuri. Akisema auchome kwanza motoni ulainike, kataa. Chuma cha kisu kinapata ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikichoma tena ovyo, ugumu unaondoka na makali hayakai. Wazee wa Kirongo, wafua chuma wa upande wa Geita na Biharamulo, waliheshimu moto katika kazi yao. Na sisi tuuheshimu. Hata kwenye mashine ya kunoa, chovya ubapa kwenye maji mara kwa mara. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ujue pale pamekwisha haribika.

MAMBO MAWILI YA KUKATAZA

Usilegeze springi wala usiikate. Kisu kitafunguka upesi, ndiyo, lakini kitafunguka pia mfukoni, na paja lako ndilo litakalolipa.

Usichonge mpini mpaka makali yaonekane kisu kikiwa kimefungwa. Makali lazima yalale ndani ya mpini yote.

KIPIME KABLA YA KUKITIA MFUKONI

Kipimo cha kwanza: shika kisu kilichofungwa, mgongo wa ubapa ukitazama chini. Kitikise kwa nguvu mara kumi. Kikifunguka hata kidogo, usikibebe mfukoni.

Kipimo cha pili: fungua kisu, funga makali kwa kitambaa, kisha sukuma mgongo wake kidogo kwenye mti. Kama kinajikunja kwa urahisi, basi hakina kizuizi cha kutegemewa. Kitumie kwa kukata kwa kuvuta tu. Usidunge nacho wala usikisukume kwa ncha.

Unapofungua, vidole visikae mbele ya mfereji ambamo ubapa hulala. Na hili tulikariri: kufungua ni kwa mkono mmoja, kufunga ni kwa mikono miwili. Vidole vingi hukatwa wakati wa kufunga. Ndugu mwenye mkono mmoja abane mpini katikati ya magoti, makali yakitazama mbali naye, ausukume ubapa kwa kushika mgongo wake.

NENO LA MWISHO

Kama kazi yako ya kila siku ni ya mkono mmoja, tunakushauri uchukue kisu kisichokunjwa, chenye ala ya ngozi, kama wachungaji wengi wanavyofanya. Hakina ribiti ya kuziba wala springi ya kuchoka. Unakichomoa na kukata.

Na kisu ni cha kazi. Ukienda kilabuni au mnadani, kiache nyumbani. Tena kiweke mbali na watoto, maana kisu kilichokuwa kigumu kwao sasa kimekuwa chepesi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tusafishe kisu kabla ya kuweka kitufe?
2. Springi ina kazi gani?
3. Chuma kikigeuka rangi ya bluu, kumetokea nini?
4. Katika kazi yako, kipi kinakufaa zaidi: kisu cha kukunja au cha ala? Eleza sababu.