SOMO: KUPIMA HATARI MPAKANI, KWA MFANO WA MAHINDI YA BABATI

Babati haina bahari wala mpaka wa nchi. Hata hivyo, mji huo wa Mkoa wa Manyara unatufaa kwa somo hili, kwa kuwa lori la mahindi litokalo huko hupitia Arusha hadi Namanga, likaingia Kenya. Nasi wa visiwani twala nafaka za Bara vile vile.

Afisa wa mpakani hawezi kufungua kila gunia. Akijaribu, biashara itasimama. Akiyaacha yote yapite, na sumu itapita. Kupima hatari ni kujiuliza mambo mawili kabla ya lori kufika: dosari ina uwezekano gani wa kuwamo, na ikiwamo, madhara yake ni makubwa kiasi gani?

Kuhusu mahindi, madhara yamekwisha kujulikana. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Aidha, haienei sawasawa: gunia moja laweza kuwa salama na la pili yake likawa na sumu. Kuchoma bambo katika gunia moja la mlangoni ni kujidanganya. Sampuli hutolewa katika magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, kisha zikachanganywa na kupimwa. Kiwango cha mwisho kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Swali la uwezekano ndilo lililowekwa kando tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yote ya Tanzania na Uganda. Mkulima aliyekausha mahindi yake hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yule aliyeyaanika juu ya udongo, wakatiwa kapu moja. Tarehe 10 Machi zuio liliondolewa kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, aonyeshe cheti cha kipimo cha sumukuvu na cheti cha mahali mahindi yalikotoka. Masharti hayo yalistahili kutangulia zuio.

Basi, shehena yenye vyeti, ya mtu mwenye rekodi njema, hutazamwa nyaraka tu. Isiyojulikana ilikotoka, au iliyonyeshewa njiani, hufunguliwa. Lakini hata ile njema hushtukizwa mara moja moja, maana mjanja hagundui kitu upesi kama gari lisilofunguliwa kamwe.

Wasafirishaji wa nafaka wanakumbushwa kutunza vyeti vya kila shehena, pamoja na jina la ghala ilikopakiwa.