Kichuguu Kimo Ndani ya Parseli

Ukinunua parseli kule Kalebuka, Kisanga au kwingine katika komini ya Annexe mjini Lubumbashi, mara nyingi unainunua pamoja na kichuguu chake. Kwa mgeni ni kilima tu, maana vingine vinafika mita 8 kwenda juu na vimeota miti mizima. Watafiti waliopima umri wa vichuguu vya Katanga na kutoa matokeo yao mwaka 2015 walikuta kimoja kimepita miaka 2,000. Mji wetu ulianzishwa 1910. Basi tunapojenga pembezoni tunawafuata wenyeji kwao: panya wa porini, kenge, nguchiro, na nyoka waliorithi mashimo ya mchwa.

Mvua za kwanza baada ya sisi kuhamia, mbwa wetu alibweka usiku mbele ya rundo la matofali, kisha akalia kama mtoto. Swila alikuwa amemtemea machoni. Yaya alikimbilia maziwa ndani, lakini mzee jirani alimkatiza kutoka ng'ambo ya ua: "Maji, mama! Maji tu!" Tulimwagia bidoni nzima taratibu, kope tumezifungua kwa vidole, kwa zaidi ya robo saa. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba, ila alikuwa anaona. Nilipoyapekua matofali mchana, kwa jembe refu na boti miguuni, nilikuta njia za panya zinazoelekea jikoni, penye gunia letu la mahindi. Swila alikuwa amefuata chakula chake, na aliyekileta pale ni mimi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni panya. Unga na mahindi viwe kwenye pipa lenye kifuniko cha bati, si guniani. Pumba za kuku zisilale nje. Bakuli la mbwa lioshwe kabla ya giza, hata kama hajamaliza bukari yake. Mayai yaokotwe kila jioni. Sumu ya panya siipendekezi kabisa: mbwa na paka huila, au humla panya aliyekufa kwa sumu hiyo, na watoto nao hawako salama. Mtego wa kubana, ukikaguliwa kila asubuhi, unatosha kwa nyumba moja.

Kazi ya pili ni maficho. Magunia ya makala, matofali, mabati ya zamani na kuni tunavipanga ukutani kwa sababu ni rahisi kuvifikia, na hapo ndipo tunapowajengea nyoka vyumba. Vihamishie upande wa mbali wa parseli, uviinue juu ya mawe au mbao ili paka apite chini. Majani yafyekwe yawe mafupi, hasa njia ya choo na ya kisima. Tawi la mwembe linalogusa paa likatwe.

Na kichuguu chenyewe? Wengi hukichimba nusu ili kufyatua matofali, kisha hukiacha. Hilo ndilo baya kuliko yote: mchwa wanahama, mashimo yanabaki wazi na makavu, na kila mnyama anayetafuta pa kulala anapata mlango. Ukiamua kukiacha, kiache kizima, usijenge nyumba wala banda la kuku karibu nacho, na usafishe majani kukizunguka. Ukiamua kukitoa, kitoe chote. Fanya hivyo kiangazi, Juni au Julai, wakati baridi ya asubuhi inawafanya nyoka kuwa wazito, lakini kumbuka kwamba wengine wamejificha baridi humo humo. Anzia juu, mchana kweupe, wote wawe na boti na mpini mrefu. Watoto na mbwa wakae kwa jirani siku hiyo. Mkono usiingie shimoni hata kama umeona tundu ni tupu. Kila jioni ziba yaliyofunguka kwa udongo ulioshindiliwa.

Watu watakuuzia dawa ya kumwaga kuzunguka ua, na wengine humwaga mazutu. Sijaona ikimzuia nyoka, na katika mji ambao familia nyingi zinakunywa maji ya kisima, mazutu hayo mtakuja kuyaonja wenyewe. Kwa fedha hiyo nunua wavu wa chuma wenye matundu madogo kwa ajili ya mabomba ya maji machafu na matundu ya hewa. Chini ya mlango, pale bati lisipofika sakafuni, pigilia kipande cha tairi la zamani kiguse saruji. Ni kazi ya saa moja.

Usiku una sheria zake. Kifutu, yule mfupi mnene mwenye rangi za majani makavu, hakimbii akisikia hatua. Anatulia palepale mpaka umkanyage. Umeme ukikatika, na tunajua unavyokatika, asitoke mtu bila taa na viatu, hata kwa hatua kumi za kwenda chooni. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe. Watoto wanaolala kwenye mkeka walale ndani ya chandarua kilichokunjiwa chini ya mkeka pande zote. Tulizoea kukiona kuwa ni cha mbu, lakini kinamzuia pia swila anayepita chumbani usiku akifuata panya.

Mbwa akibweka mahali pamoja bila kuacha, asitumwe mtoto kuangalia. Mwite mbwa arudi, umfunge, ndipo umulike kutoka mbali. Swila hutema kufikia mita 2 na zaidi, naye hulenga uso. Mnyama wa porini anayekuja mchana bila woga, nguchiro au mbweha anayeyumba na kutoa mate, ni hatari ya namna nyingine: kichaa cha mbwa. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Nyoka akimuuma mtu, kinachoua mara nyingi ni saa zinazopotea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka duniani. Kwetu saa hizo hupotelea kwenye wembe, kamba na jiwe jeusi. Jiwe hilo, ambalo ni mfupa uliochomwa na ambalo familia nyingi hulitunza kwa imani njema, lilijaribiwa maabara kwa panya, na majibu ya mwaka 2007 hayakuonyesha kwamba linasaidia. Kuchanja na kunyonya kunaongeza kidonda. Kamba iliyokazwa inaweza kuua mguu mzima, hasa kwa sumu ya kifutu au ya swila.

Fanya haya: mlaze, mtulize, mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kama mguu uliovunjika, kisitikisike. Asitembee. Usimwinde nyoka, ukiweza kumpiga picha kwa simu kutoka mbali, inatosha. Ikiwa hakuna gari, mgonjwa apandishwe pikipiki katikati, dereva mbele na mtu mzima nyuma akimshika. Akianza kutapika, alale kwa ubavu. Koboko anaweza kulemaza pumzi mapema, basi anayemsindikiza aangalie kifua njia nzima.

Usingoje siku hiyo ndipo uulize serumu iko wapi. Nenda wiki hii, kabla ya mvua za Novemba, kwenye hospitali mbili unazoweza kufika usiku. Uliza kama wanayo, kama inafaa kwa nyoka wa huku, na nani ana ufunguo wa chumba cha dawa baada ya saa kumi na mbili jioni. Andika majibu kwa makala ukutani, kando ya mlango, na chini yake namba ya jirani mwenye gari, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wako wa darasa la tatu anaweza kuzisoma kwa mwanga wa mshumaa.