SHAMBA LA SHULE NA CHUNGU CHA SHULE

Wasomaji wetu, shule ya msingi si nyumba ya kusomea tu. Mtu apitaye asubuhi penye shule ya kijiji katika nchi ya Wahaya huwaona watoto wakifagia uwanja, wakichota maji, wakijipanga mistari na kuimba; na jioni huwaona wakicheza mpira au wakijifunza ngoma. Mambo hayo yote ni mema, wala hatuna neno juu yake. Leo twapenda kusema juu ya kazi moja ambayo wazee waijua, walimu waijua, na watoto mara nyingi huichukia, nayo ni kazi ya shamba la shule. Twataka kueleza kwa nini huchukiwa, na jinsi iwezavyo kuwa somo lenye faida kwa kijiji kizima, hasa katika zama hizi ambapo mnyauko umeingia katika migomba ya Kagera.

Tuitwae kata ya Kaagya iwe mfano wetu. Mtoto wa huko hukua chini ya migomba. Kibanja cha kwao kina migomba, mibuni na maharage pamoja, na chakula chake cha kila siku ni ndizi. Lakini kibanja hakikuumbwa vile kilivyo. Udongo wa rweya, yaani nchi ya nyasi, ni dhaifu. Mahali penye kibanja kizuri leo ni mahali ambapo mababu walileta samadi ya ng'ombe na nyasi za kutandaza mwaka hata mwaka, mpaka udongo ukawa mweusi. Basi kibanja ni kazi ya mikono ya watu wengi, wengine wamekwisha kufa. Shule nayo ni vivyo hivyo.

Je, shamba la shule huchukiwa kwa nini? Twaona sababu tatu. Ya kwanza, jembe hutumiwa kuwa adhabu: mtoto aliyechelewa hupelekwa kulima, na aliyewahi huingia darasani. Hapo mtoto hujifunza ya kuwa kulima ni fedheha. Ya pili, huambiwa "Chimba hapa" asiambiwe kwa nini pale na si penginepo. Ya tatu, nayo ndiyo chungu kuliko zote, mavuno yakiisha kukatwa hayajui yaendako. Mtu mzima akitendewa hivyo atagoma; mtoto hawezi kugoma, lakini moyo wake hugoma.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1937 Serikali ya Waingereza ilitilia nguvu amri za ukulima wa kahawa katika wilaya ya Bukoba, na wakulima wengi wakazikataa kwa kuwa waliona wanaingiliwa katika vibanja vyao, ikawa ghasia. Hata mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi ya mikono. Lakini hakusema watoto wawe vibarua. Alitaka kazi ya shamba iungane na masomo ya darasani, na wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga kazi na kuona faida yake. Mahali pengi jembe lilishikwa, na maneno yale mengine yakasahauliwa. Hayo ndiyo tutakayo kuyakumbusha.

Somo la kwanza: kupima na kuhesabu

Tuseme shule ina robo eka ya kupanda migomba. Mwalimu awatoe watoto wa madarasa ya juu na kamba yenye mafundo, wapime wenyewe. Robo eka ni mita za eneo 1,012 hivi. Mgomba mmoja na mwenziwe waachane mita 3 kila upande, maana yake kila mgomba una mita za eneo 9. Watoto wagawanye, nao wataona ya kuwa mashimo ni 112. Kila shimo liwe na sentimita 60 kwenda chini, na 60 kila upande wa mdomo wake. Udongo wa juu uwekwe mbali na udongo wa chini, kisha ule wa juu uchanganywe na samadi na kurudishwa kwanza. Mtoto aulizwe, "Kwa nini wa juu ndio uende chini?" Atakayejibu kwamba huo ndio wenye rutuba, na ya kuwa mizizi itaukuta huko, huyo amejifunza jambo ambalo hatalisahau.

Baadaye, machipukizi yatakapokuwa mengi, shina moja lisiachiwe zaidi ya migomba mitatu: mama, binti na mjukuu. Watoto wa madarasa ya chini hawana nguvu za kuchimba, lakini waweza kutandaza nyasi, kuhesabu majani mapya na kuandika katika daftari siku mgomba ulipotoa ua. Wala isiwe wasichana ndio wachotao maji kila siku huku wavulana wamesimama wakitazama. Zamu ziandikwe ubaoni kwa majina, bila kubagua.

Somo la pili: kuutambua mnyauko

Mnyauko wa bakteria uliandikwa na wataalamu kwanza huko Ethiopia katika mwaka wa 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na yapata mwaka 2006 ukatambulikana katika mkoa wa Kagera, upande wa Muleba. Mpaka leo hapana dawa ya kuuponya mgomba uliougua, wala hapana aina ya ndizi zetu za kupika ambayo ni salama kabisa. Kwa hiyo silaha ya mkulima ni macho yake na usafi wa vyombo vyake. Na nani mwenye macho mengi kuliko shule yenye watoto mia tatu?

Alama zake ni hizi. Majani hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ua jekundu liningi'nialo mwisho wa mkungu husinyaa na kukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake na bila mpango, moja manjano na jirani yake bichi. Na ukiikata ndizi, ndani utaona madoa ya rangi ya kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka utomvu wa manjano. Watu wengine huuchanganya na ugonjwa wa Panama, ambao nao hukausha majani. Lakini ule wa Panama hauharibu ndizi kwa ndani namna hii.

Ugonjwa husafiri kwa njia nne. Wadudu hutua juu ya ua la mgomba mgonjwa, kisha wakaenda kwa mzima. Panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa hukata mwingine bila kusafishwa. Machipukizi ya kupanda hutolewa katika shamba lenye ugonjwa. Na mikungu na majani huchukuliwa mahali hata mahali. Mkiisha kuzijua njia, mtajua pa kuziba.

Basi, kwanza, kichana cha mwisho kikiisha kutokea, ua jekundu livunjwe kwa mti mrefu wenye panda, lisikatwe kwa kisu. Mti huo hauingizi utomvu wa mgomba mmoja katika mwingine kama kisu kifanyavyo, na wadudu watakosa pa kutua. Kazi hii watoto waipenda, nao waweza kuifanya vizuri. Pili, kila panga lipitishwe motoni mpaka liwe la moto kabla ya kuhamia shina jingine; na hii iwe kazi ya mwalimu au mzee, si ya mtoto mdogo. Tatu, machipukizi yatwaliwe katika shamba linalojulikana kuwa safi. Hapo yafaa kuuliza kwa Bwana Shamba wa kata, au katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, kilichomo katika wilaya hiyo hiyo ya Bukoba. Nne, mgomba ukionyesha alama, ukatwe siku ile ile karibu na ardhi.

Juu ya jambo hilo la nne twapenda kueleza zaidi. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe shina zima, mama na watoto wake wote, na kulizika. Kazi ilikuwa nzito mno, na wengi wakaiacha, na ugonjwa ukaendelea. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha ya kuwa si lazima machipukizi yote ya shina moja yawe yameugua. Mtu akikata upesi kila mgomba unaoonyesha alama, akarudi kutazama kila juma na kukata tena panapotokea mwingine, ugonjwa hupungua sana na kibanja hubaki. Lakini neno kuu hapa ni "upesi." Ndiyo maana twasema ya kuwa mtoto ajuaye alama ni mlinzi wa chakula cha kwao. Baba huenda yuko safarini au mnadani, na nyanya macho yamefifia. Mtoto akirudi shule akapita chini ya migomba akasema, "Nyanya, mgomba ule umeugua, nasi leo tumeonyeshwa," kibanja kizima chaweza kuokoka. Hapo hapana aliyeamriwa. Ameonyeshwa sababu, tena na mjukuu wake mwenyewe.

Somo la tatu: chungu cha shule

Sasa tuingie katika neno gumu. Je, shamba hilo litawalisha watoto? Tuhesabu kwa kweli. Mashina 112 yakitoa kila moja mkungu mmoja kwa mwaka, ni mikungu 112. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, yaani majuma 39 hivi. Basi ni mikungu mitatu kasoro kidogo kwa juma. Tukikadiria mkungu kuwa na kilo 20, ni kilo 60. Na watoto wakiwa 300, kila mmoja atapata gramu 200 kwa juma zima, pamoja na maganda yake. Hicho si chakula. Mwalimu mkuu awaambiaye wazazi kwamba shamba litalisha shule hajapiga hesabu.

Lakini wazazi nao wapige hesabu yao. Ada ya shule za msingi iliondolewa tangu 2002, na tangu 2016 michango mingi ya lazima imeondolewa. Watu wengine wakadhani ya kuwa na chakula cha mchana kimekuwa juu ya Serikali. Sivyo. Chakula cha mtoto wa kutwa ni wajibu wa mzazi wake. Tuseme nyumba ni 200, na kila nyumba inatoa mikungu mitatu kwa mwaka: ni mikungu 600, yaani 15 kwa juma. Ukiongeza ile mitatu ya shamba, watoto watapata kila mmoja kilo moja na robo kasoro kwa juma, na maharage juu yake. Chungu kitachemka. Mtoto aliyeshiba husikia neno la mwalimu hata saa nane. Mwenye njaa hutazama mlango.

Tena tahadhari: mikungu itokayo nyumba 200 yaweza kuleta mnyauko kutoka nyumba 200. Kwa hiyo kila mkungu ukaguliwe penye njia, kabla haujaingia shuleni. Uje bila majani wala ua, na wenye alama urudishwe. Maganda yatupwe katika shimo lililo mbali na migomba, yasitupwe shambani. Wakaguzi wawe wanafunzi wenyewe, wakiwa pamoja na mzazi mmoja kwa zamu. Hilo pia ni somo.

Mwisho, twawaomba wenyeviti wa vijiji na kamati za shule watende mambo matatu. Jembe lisiwe adhabu tena. Kila mkungu ukatwao katika shamba la shule uandikwe katika daftari, siku yake na kilo zake na mahali ulipokwenda, na daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi na wanafunzi katika mkutano wa kila muhula. Na kitu cho chote kilichotoka katika shamba hilo kiingie kwanza katika chungu cha watoto walioulima, kabla ya mgeni na kabla ya mwalimu. Haya hayahitaji fedha. Yahitaji uaminifu tu.

Wahenga walisema, mgomba haushindwi na mkunguwe. Mgomba ni mti laini, wala hauna mbao ndani yake, lakini hubeba mzigo wake mpaka ukomae. Kijiji nacho hakishindwi na watoto wake, maadamu kila nyumba inajua sehemu yake.